Kicheko Kilichobaki Mbinga

Twaha hakukimbia, na kwa Florian Mbele hiyo ilikuwa habari mbaya. Alikuwa ameteremka kutoka Mbinga juu ya magunia ya mahindi, akapita Liuli, akarudi Mbamba Bay kwa mtumbwi wa watu, yote kwa tumaini kwamba mtu huyu akimwona tu atatimua mbio. Mwenye hatia hukimbia kofia ya polisi hata ikiwa imestaafu. Huyu alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anakula dagaa wa usipa wa kukaanga kwa vidole viwili. Akasogea kidogo ampe mgeni nafasi.

"Karibu, Afande. Nasikia unaniulizia tangu Liuli. Ungetuma salamu tu ningekuja mwenyewe. Magoti yako hayo si ya kufukuza watu."

Florian alikaa. Alikuwa sajini wa upelelezi Tanga, Shinyanga, Lindi, kila mahali isipokuwa kwao. Alipostaafu akarudi ziwani kuvua, akakuta samaki hawaheshimu cheo. Ndiyo maana mwanamke mmoja wa Umatengoni, Kunigunda Ndunguru, alipomfuata na kumwomba amwokoe kaka yake asinyongwe, hakumsumbua kwa maswali mengi. Kaka mtu, Egidi, alikuwa amehukumiwa kufa na Mahakama Kuu kwa kumuua Abdulmajid, mnunuzi wa kahawa wa Mbinga mjini. Mwili ulikutwa mwaka mzima baada ya mtu kupotea, umezikwa ndani ya shamba la Egidi katika mlima wa Lihuku, mvua zilipodidimiza shimo moja la shamba kuliko mengine. Rufani ilikuwa imepangwa Mbeya. Kunigunda alidai anamjua muuaji hasa: ni Twaha, mshirika wa marehemu, aliyetoweka na lori la biashara.

"Lori la Abdulmajid liko wapi?"

"Makambako. Limepakwa rangi ya kijani na limepoteza mlango mmoja."

"Unakiri?"

"Wizi nakiri. Kunyongwa sikiri."

Akaeleza mdomo umejaa usipa. Mwaka ule serikali ilipoachia biashara ya kahawa, kila mwenye gari na mizani aligeuka mnunuzi, na wao wawili walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda milimani. Abdulmajid alipopotea, yeye Twaha alikuwa amelazwa hospitali huko Liuli, mguu umevunjwa na pikipiki. Alipotoka na magongo yake akakuta mwenzake hayupo na wadai wapo, akaliwahi lori kabla wao hawajaliwahi.

Florian alikuwa ameshayasikia hayo Liuli kwa nesi mmoja mwenye kumbukumbu, na hakuyapenda. Akamwambia asimame atembee. Twaha akakunja suruali mpaka magotini, akaenda hadi majini akarudi. Mfupa wa ugoko ulikuwa umeunga upande, mguu mzima ukitazama kusiko. Mtu mwenye mguu ule ndani ya plasta asingepanda Lihuku hata kwa kubebwa, seuze akachimbe kaburi huko.

"Umeridhika, au nicheze na ngoma?"

"Kaa. Abdulmajid alipotea mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Na kahawa inaiva mwezi gani?"

Twaha aliacha kutafuna.

"Mahakama iliambiwa waligombana kwa ajili ya mizani," Florian alisema. "Mwezi wa tatu kahawa ingali mbichi mitini. Mnunuzi anapandia nini mlimani?"

"Anafuata kitu kisichopimwa kwa mizani."

"Mwanamke gani?"

"Wallahi, mimi nilikuwa mshirika wa lori. Kitandani hakunishirikisha." Twaha akalamba vidole. "Ila alikuwa anarudi na tope jekundu viatuni, anacheka peke yake. Alikuwa na kicheko kibaya yule bwana, Mungu amrehemu. Akikucheka unajiona huna nguo."

Basi Florian akapanda tena kurudi Mbinga, na safari hii hakupata hata gunia la kukalia.

Huko alimkuta wakili Meshack hotelini nyuma ya stendi, anakula ugali na maharage, joho lake limetundikwa kwenye msumari karibu na kalenda. Huyu ndiye wakili aliyepewa Egidi kwa ajili ya rufani. Hakumtetea kwenye kesi ya kwanza. Florian alipomwambia kwamba Twaha si mtu wao, wakili hakushtuka. Alisema hata angekuwa mtu wao isingesaidia kitu, na akamweleza kwa nini, huku akimega tonge.

Kesi ya mauaji mahakama ya wilaya huisoma tu na kuipandisha. Inayoisikiliza ni Mahakama Kuu, jaji mmoja na wazee washauri waliotolewa miongoni mwa wananchi. Mtu akihukumiwa kufa, amebakiwa na ngazi moja, Mahakama ya Rufani, majaji watatu. Juu yao hakuna wa kumwendea ila Rais, naye haombwi haki, anaombwa huruma. Neno lao likishatoka, kila mahakama ya nchi hii inalifuata, kuanzia jaji mpaka hakimu wa kijijini anayehukumu kesi za kuku.

"Basi niwapelekee nini?" Florian aliuliza.

"Hupeleki kitu. Ndiyo maana nakwambia agiza chakula." Wakili akanawa. "Wale hawaiti mashahidi, Afande. Hawaji kuona shamba. Wanasoma mwenendo wa kesi, yale ambayo jaji wa kwanza aliandika kwa mkono wake huku anasikiliza. Kisichoandikwa hakikutokea."

Hoja yake ilikuwa moja. Jaji yule hakuwafafanulia wazee washauri mambo ya kupima kabla ya kuwataka maoni. Ni kosa la sheria, na kwa makosa ya sheria majaji wa Rufani wana masikio makali.

"Na kinachotuua ni nini?"

Wakili alivuta mkoba. Akasoma, akitafsiri kutoka Kiingereza cha jaji. Mzee mshauri mmoja alimuuliza mshtakiwa nani alichimba shamba lile. Mshtakiwa akajibu: ni mimi niliyechimba.

"Kaburi limo shambani, mwenye shamba anasema kachimba mwenyewe," wakili alisema. "Jaji atake nini tena? Nimelisoma jibu hilo mpaka ninaliota."

"Huyo mzee aliyeuliza ni nani?"

"Hyasinti Kapinga. Anakaa mlima unaotazamana na Lihuku. Lakini usijichoshe. Mshauri alikuwa sehemu ya mahakama, hawezi kugeuka shahidi."

Florian akajichosha. Ulikuwa mwezi wa tatu tena na milima yote ilikuwa inalimwa. Mtu wa ziwani, aliyezoea matuta ya muhogo, akiliona shamba la ngolo kwa mara ya kwanza hudhani mlima umefumwa kama mkeka. Nyasi hukatwa, zikalazwa chini kwa mistari inayokatana mpaka zifanye miraba. Kisha katikati ya kila mraba hufukuliwa shimo na udongo wake kutupwa juu ya nyasi. Mvua ikinyesha maji yanatulia mashimoni, udongo haushuki bondeni, na maharage yanaota juu ya zile kingo.

Mzee Hyasinti hakuwa kwake. Florian alielekezwa ng'ambo ya pili, Lihuku penyewe, akamkuta ameinama analaza nyasi katika shamba lisilo lake. Alisema anaisaidia nyumba isiyo na mwanamume. Nyuma yake mkwewe, Ottilia, na wanawake wengine wa jirani walikuwa wameketi kivulini kupumzika, majembe yamelala kwenye miraba.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Mbele."

"Marahaba. Mbele ni la ziwani hilo. Huku umefuata nini, hatuna samaki."

Kuhusu kesi hakutaka kusema. Aliapishwa, alisema, akaulizwa, akajibu, akapewa nauli, akarudi nyumbani. Florian aliuliza kwa mbele, akauliza kwa nyuma, mzee akawa analaza nyasi tu. Basi mpelelezi akafanya lile alilolifanya katika kila kijiji alichowahi kufanyia kazi watu walipomfungia mdomo. Akavua koti, akatemea viganja mate, akaokota jembe lililokuwa jirani, akaanza kuchimba na kutupa udongo juu ya nyasi.

Alichimba mara mbili tatu. Kicheko kikapasuka kivulini. Ottilia alijishika mbavu. Mwingine akapaza sauti kwa Kimatengo kuelekea mlima wa pili, na huko nako, mbali kabisa, wanawake wasioonekana wakaangua kicheko. Florian akasimama na jembe lake.

"Wanacheka nini?"

"Baba," Ottilia alisema akifuta machozi, "ukimaliza hapo pitia na nyumbani utunyonyeshee watoto."

Hyasinti peke yake hakucheka. "Weka jembe la watu chini," alisema. "Mwanamume anakata nyasi, anazilaza. Akishalaza amemaliza. Anayechimba ni mwanamke. Huku hata mgane aliyebaki peke yake na njaa yake atapika pombe awaite wanawake wa jirani wamchimbie. Yeye hagusi."

Florian aliliweka jembe chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Egidi aliposema mahakamani kwamba amechimba yeye?"

"Chumba kizima kilicheka. Mlima wote ulikuwa umeshuka kusikiliza. Hata askari aliyemshika mkono alicheka, mtoto wa huku huku. Jaji alitoka mbali, akadhani wanamcheka marehemu. Akagonga meza, akasema atakayecheka tena analala ndani. Kisha akainama akaandika jibu. Kicheko hakukiandika."

"Ulijua anasema uongo."

"Sasa unadhani niliuliza kwa nini?"

"Mbona hukumwambia jaji?"

"Zamu yangu ilipofika aliniuliza neno moja, ana hatia au hana. Nikasema hana. Akaliandika hilo, akamhukumu afe." Mzee akachukua konzi nyingine ya nyasi. "Hakuniuliza ni nani. Na angeniuliza nisingetaja. Mlima ulikuwa umeshatoa mmoja wa kunyongwa. Niongeze wa pili wa nini?"

Florian aliuliza jambo la mwisho. Nyumbani kwa Egidi, mwaka ule, kulikuwa na wanawake gani wa kushika jembe? Wawili, mzee alisema. Mke wake Lidia, na dada yake Kunigunda. Akampa mgongo.

Njia nzima ya kuteremka Florian aliwapima wale wawili. Mmoja ameuza mbuzi wake wote ili kaka yake asife. Mwingine alimhama mume wino wa hukumu haujakauka, akaenda kukaa Kitai na mwanamume mwingine. Alipofika bondeni alikuwa ameshamkamata mtu wake moyoni, na mtu huyo alikuwa Lidia.

Kitai iko njiani kwenda Songea, na kutoka Songea ndiko kwenda Mbeya, kwa hiyo hakupotea njia. Alimkuta Lidia kando ya barabara anakaanga maandazi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine, mkubwa kidogo, amekaa juu ya gogo. Florian hakuzunguka.

"Mwaka ule ngolo za Lihuku ulizichimba wewe, mama."

"Mwaka ule?" Lidia aliinua kijiko, akamtazama juu mpaka chini. "Mwaka ule nilikuwa Litembo hospitalini, huyu hapa kwenye gogo alikaa vibaya tumboni, nikapasuliwa. Waulize masista. Egidi alilaza nyasi, kisha akawa mtu wa kwenda na kurudi kuniletea uji. Nilipotoka nikakuta shamba zima limechimbwa, mstari kwa mstari, safi. Nikampigia magoti wifi yangu kumshukuru. Unasikia? Nikamshukuru, nikapanda maharage juu yake."

Basi moja lilisimama, watu wakanunua maandazi, likaondoka. Florian alingoja vumbi likae.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile mahakamani. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka. Nilielewa kwamba amechagua. Mke na mtoto upande huu, dada upande ule, akaenda kwa dada."

"Twende Mbeya ukamwambie wakili hayo."

Lidia aligeuza maandazi, moja moja, mpaka yote yakatazama juu.

"Mimi na Egidi tulifunga ndoa kanisani, Afande. Huyu ninayekaa naye ni mwema, lakini sipati komunyo, na huyu wa mgongoni alibatizwa padri amenuna. Padri amesema hakuna ndoa nyingine mpaka yule awe amekufa." Akamfungia andazi kwenye kipande cha gazeti, akampa. "Kula. Basi lako hilo, linapiga honi."

Songea aliteremka kwa muda mfupi, akamtafuta mtu mmoja aliyewahi kuwa mkubwa wake kazini. Mkubwa yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu, akamwambia kwamba jambo likishafika mbele ya Mahakama ya Rufani wao huku chini hawalinyanyulii hata kalamu. Likirudi, labda. Florian alimuuliza litarudi likiwa na mtu hai au maiti. Mkubwa akamtakia safari njema.

Kunigunda alikuwa Mbeya siku nyingi. Florian alimkuta nje ya lango la gereza pamoja na wanawake wengine wenye vyungu, amefunga chakula chake kwa kitambaa cheupe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Umempata Twaha?"

"Nimempata. Alikuwa na mguu uliovunjika."

"Mwenye mguu mmoja anaweza kuua."

"Kuua anaweza," Florian alisema. "Kuchimba ngolo hawezi."

Kunigunda aliweka chungu chini. Akaangalia kama wale wanawake wengine wako karibu, akaona hawako karibu. Kisha akakaa juu ya jiwe na kuzungumza kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyoharibu mboga.

"Alinikuta shambani peke yangu. Nikamwambia nina mimba yake. Akacheka. Akanishika mkono, akanitazama kucha, akazidi kucheka, akasema nimwonyeshe ni mtoto yupi wa mjini ana mama mwenye tope hili. Jembe nilikuwa nalo mkononi." Akakaza fundo la kitambaa cheupe. "Basi nikaendelea kuchimba."

"Na mimba?"

"Ilitoka. Udongo ule ni mzito."

"Kwa nini ulinituma mimi, kama ulijua?"

"Nilikutuma uniletee Twaha. Mwizi, hana mama, hana mlima. Angening'inia yule, nani angelia?"

Florian alimwambia kwamba kaka yake ataning'inia mahali pake. Kunigunda alikiinua chungu, akakipangusa vumbi chini.

"Egidi alisema mwenyewe. Mimi sikumtuma."

Lango likafunguliwa, akaenda kupanga foleni.

Asubuhi ya kesi Florian alimshika wakili Meshack ngazini, akammwagia yote. Wakili alibadilika rangi. Alisema upo mlango mmoja, mwembamba. Majaji wakitaka wenyewe wanaweza kuagiza ushahidi wa nyongeza uchukuliwe, lakini wataulizwa kwa nini haukutolewa tangu mwanzo, na atakayeomba ni mrufani, si rafiki yake. Akateremka mahabusu kumuuliza Egidi. Hakukaa sana.

"Anasema alichimba yeye," wakili alisema. "Anasema yule mzee wa samaki akavue. Ninatumwa na yeye, Afande, situmwi na wewe."

Chumba kilijaa. Walikuwa watu wa Mbeya na Rungwe na Mbozi, kila mmoja na kesi yake, na kwa Egidi hakuna aliyegeuza shingo. Kunigunda alikaa mwisho wa benchi. Majaji watatu waliingia, watu wakasimama, wakaketi. Egidi alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa.

Wakili Meshack aliieleza hoja yake vizuri, lazima hilo lisemwe. Wazee washauri hawakufafanuliwa kitu, walitakiwa neno moja moja kama watoto wa darasa la kwanza. Jaji wa katikati alitikisa kichwa kuafiki, mara mbili akaandika, na Florian akaanza kuvuta pumzi. Kisha akasimama wakili wa serikali. Alikubali kwamba kasoro ipo. Aliomba tu majaji wasome jibu la mrufani kwa mshauri, halafu wajiulize, wazee wale hata wangefafanuliwa kutwa nzima, wangefika wapi kwingine.

Jaji wa katikati alifunua, akalitafuta jibu lile kwa kidole. Akalisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, taratibu.

"Ni mimi niliyechimba."

Kimya. Chumba kizima kimya. Mtu mmoja alikohoa. Ilikuwa sentensi ile ile iliyopasua mbavu za watu kule Mbinga, imepandishwa kutoka mahakama hadi mahakama, imepigwa chapa, imefungwa kwa utepe, na hapa juu kabisa haikuwa na kitu chochote nyuma yake. Florian alimtazama Kunigunda. Alikuwa anaangalia mbele, viganja juu ya magoti.

Basi Florian Mbele, aliyekula kiapo katika mahakama za mikoa mingi na hakuwahi hata kupiga chafya mbele ya hakimu, akacheka. Alicheka kama Ottilia, kwa mbavu, mkono kiunoni, kicheko cha mlima mzima. Watu wakageuka. Egidi akageuka pia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetambuliwa njiani na mtu anayemkimbia. Jaji wa katikati akavua miwani.

Florian alikuwa anangoja swali moja tu. Mzee, unacheka nini? Jibu alikuwa nalo ulimini, fupi, maneno ambayo mtoto yeyote wa Umatengoni anayajua. Swali likiulizwa, jibu lingeandikwa, likiandikwa lingekuwa limetokea.

"Mtoeni huyo," jaji alisema, bila hasira.

Askari wawili walimshika makwapa. Alipopita mbele ya meza ya karani alitupa jicho. Karani alikuwa ameweka kalamu chini, anasubiri fujo iishe.

Alikaa nje kwenye ngazi, jua linamchoma utosini. Kesi mbili zaidi ziliitwa. Mwishowe Kunigunda akatoka, kitambaa cheupe amekikunja mkononi, chungu kitupu kwapani. Akasimama karibu naye.

"Wamesemaje?"

"Wamesema kasoro ipo, lakini haikumdhulumu, maana alikiri mwenyewe. Sababu zote wataziandika baadaye." Alisema hivyo kama mtu aliyetumwa kukariri. "Wakili ataandika kwa Rais."

"Wewe utaandika nini?"

Kunigunda alitazama upande wa stendi, akauliza basi la Songea la mwisho linaondoka saa ngapi, Florian akamwambia hajui. Akafunga khanga vizuri kiunoni.

"Nimeacha shamba nusu," alisema. "Mzee Hyasinti amenilazia nyasi, kwa kuwa kwetu hakuna tena mwanamume. Lakini amezeeka yule. Sijui mwakani nani atanilazia."

Akateremka ngazi, akashika njia ya stendi.